Chumba cha Mbele kwa Miss Loomis

Nilikutana tena na Mwanaisha kwenye harusi huko Wembley, London, katika ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa, na kama asingeniita kwa jina ningempita. Nilikuwa kwenye foleni ya biriani, sahani mkononi, sauti nyuma yangu ikasema, "Zarina? Zarina wa Makadara?" Nikageuka nikamwona mwanamke mnene kidogo, mtandio wa zambarau, miwani, mkongojo, na ndani ya mwili huo yumo msichana niliyekaa naye dawati moja Mombasa kwa miaka miwili, shule zilipochanganywa baada ya uhuru. Tulikumbatiana. Aliniambia amestaafu uuguzi, mumewe amefariki, na bado anaishi Woolwich, hakuhama hata siku moja. Kisha akamvuta mjukuu wake, binti wa miaka kama kumi na sita, akamwambia kwa Kiswahili, "Msalimie bibi. Huyu ndiye rafiki yangu aliyejaribu kunitafutia chumba nilipofika London, nikiwa sina pa kupika daku. Mzungu wake akaninyima kwa ajili ya rangi yangu. Lakini huyu alijaribu." Yule binti alielewa kila neno, maana alinigeukia akaniambia kwa Kiingereza kwamba lazima nyakati zile zilikuwa ngumu, na kwamba ananishukuru kwa niaba ya bibi yake. Nilitabasamu. Nikamsifu kwa nguo yake. Nikaenda kukaa, na sikumbuki kama nilikula.

Mzungu yule hakumnyima. Alikubali, tena kwa furaha, akanituma mimi nipeleke jibu lake, nami nikapeleka la kwangu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili, si marehemu mume wangu, si wanangu. Nimejaribu mara nyingi kujisimulia mwaka ule kwa namna nyingine: kwamba nilikuwa na miaka ishirini, kwamba nilikuwa mwoga, kwamba London ya wakati ule ilikuwa hivyo. Yote ni kweli na hayanisaidii kitu. Wanangu wangependa niandike kwa Kiingereza ili wasome bila taabu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu uongo ule niliusema kwa Kiswahili.

Nilifika mwishoni mwa majira ya baridi, mwaka ule Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakijazana kwenye ndege kabla sheria mpya haijawafungia mlango. Jinsi tulivyoondoka na tulichokiacha, wengine wameeleza vizuri kuliko nitakavyoweza. Mimi naanzia kwenye karatasi iliyobandikwa katika dirisha la duka la magazeti, Woolwich. Binamu yangu wa Wembley alikuwa na watu tisa katika vyumba viwili, nami nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya bohari moja ng'ambo ya mto, mahali pa kuvuka kwa feri ya bure kila asubuhi kama watu wa Likoni, ila hapa hakuna aliyemsalimu mwenziwe. Kwa hiyo nilitafuta chumba upande huu. Dirisha lile lilikuwa na karatasi nyingi, na nyingi zilimalizia kwa maneno yaleyale ya kuwakataa watu weusi. Nyingine zilitutaja na sisi Wahindi tusije tukajisahau. Moja ilisema tu: chumba, mpangaji asivute sigara. Niliisoma mara tatu nikitafuta maneno yaliyokosekana.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, nyembamba, imebanwa na nyingine pande zote mbili. Chini palikuwa na jiko, na humo ndimo maisha yote yalimokuwa, kwa sababu ndimo mlimokuwa na moto. Juu palikuwa na vyumba vitatu: cha mwenye nyumba, cha nyuma, chenye dirisha la kutazama nyua za watu na kamba zao za nguo, na cha mbele, kikubwa kuliko vyote, chenye jiko dogo la gesi ndani ya kabati, la kuweka sufuria mbili. Hicho cha mbele kilikuwa kitupu kwa sababu dari lake lilivuja. Miss Loomis, mwenye nyumba, alinionyesha doa la maji, akasema fundi atakuja kiangazi. Nikachukua cha nyuma. Asubuhi ya kwanza aliniwekea mezani mayai na nyama ya nguruwe. Nilikaa nikiitazama sahani, nisijue niseme nini. Hakuuliza neno. Aliichukua, akarudi na sardini za kopo juu ya mkate wa kuchoma, na tangu siku ile nyama hiyo haikupikwa tena nikiwepo.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mrefu, mikono mikubwa, nywele amezikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Siku nzima alikaa kando ya makarani na wake za watu waliokuwa wakitetemeka, na jioni alirudi mtulivu kama aliyetoka kulala. Nilimuuliza kama haogopi. Akaniambia amewahi kuketi katika vyombo vya hatari kuliko hivyo, tena asiyejua kuviendesha akiwa ni yeye mwenyewe. Ndivyo nilivyojua kwamba wakati wa vita alikuwa rubani, ila si wa jeshi. Alikuwa raia, mmoja wa wanawake wachache walioajiriwa kuzichukua ndege za vita kiwandani na kuzipeleka kwenye viwanja ambako wanajeshi walizingojea. Kazi yao ilikuwa kufikisha tu. Hawakuwa na redio, na bunduki za ndege hazikuwa na risasi. Aina za ndege zilikuwa nyingi, na nyingine aliziona kwa mara ya kwanza asubuhi ileile ya kuzirusha. Kwa kila aina walipewa kadi ndogo, ya kuenea kiganjani, imeandikwa mwendo wa kupaa, mwendo wa kutua, na jambo gani la kuepuka usije ukafa. Aliisoma kadi akiwa ameshaketi ndani, injini inanguruma, na fundi anamtazama kutoka chini akiwa na wasiwasi kuliko yeye.

Hadithi hizi alizitoa kidogo kidogo, wakati wa chakula cha jioni, akikata viazi. Nilijua njia alizopita kama ninavyozijua njia za Makadara. Bila redio, alifuata reli. Reli ikigawanyika, alitafuta mto. Mto ukifichwa na ukungu, alitafuta shamba tambarare na kutua. Mara moja alikaa siku tatu kwa mkulima, akila mizizi ya turnipu iliyochemshwa, huku ndege mpya ya vita imefunikwa turubai kwenye uwanja wa ng'ombe. Karibu na miji mikubwa kulikuwa na maputo makubwa yaliyofungwa kwa nyaya ili kuwanasa Wajerumani, na waya haujui Mwingereza na Mjerumani. Alivaa magazeti ndani ya nguo kwa ajili ya baridi. Akishafikisha ndege alitia saini, akauweka mwavuli wake wa kurukia begani, akarudi kwa treni akiwa amesimama kati ya wanajeshi, na palipopatikana nafasi sakafuni aliulalia mwavuli huo. Kwenye mkoba alibeba mswaki, gauni la kulalia na nusu mkate, maana hakujua asubuhi ni wapi usiku utamkuta. Alisema hofu inazoeleka. Kisichozoeleka ni kungoja mawingu yainuke, siku baada ya siku, watu wanafuma, wanacheza karata, na kila mmoja anajua ni nani aliyeondoka jana na simu ya kwamba amefika haijapigwa. Kiti cha aliyepotea hakikuondolewa mezani. Wiki iliyofuata alikuja msichana mwingine akakikalia, bila kuambiwa kilikuwa cha nani. Vita vilipokwisha waliagwa kwa shukrani, na hakuna kampuni ya ndege iliyomtaka mwanamke. Akanunua gari la mtumba akaanza kufundisha.

Niliyapokea yote hayo kwa adabu ya mpangaji. Nilitikisa kichwa, nikasema lo, nikaosha vyombo. Sikuwahi kumuuliza swali hata moja, na sikuona kuwa sijauliza mpaka alipokuja aliyeuliza.

Niliogopa nini? Napenda kusema niliwaogopa wazungu, lakini si hivyo hasa. Jirani yetu wa mkono wa kulia, Mrs Cobb, alikuwa akisimama uani kuzungumza na mwenziwe. Siku moja nikianika nguo nilimsikia upande wa pili wa ukuta akisema kwamba Mhindi wa Miss Loomis ni msafi, mkimya, hata hujui kama yupo. Kheri iwe hivyo, mradi Miss Loomis asianze kuwaleta na wale wengine. Ilinipasa kukasirika. Niliona fahari. Niliingia ndani nikiwa kama mwanafunzi aliyesomewa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, na kuanzia siku hiyo nilikuwa nikifunga dirisha kabla ya kukaanga vitunguu.

Mwanaisha alifika majani yalipoanza kugeuka rangi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali iliyokuwa chini ya kilima chetu, na aliniandikia barua kabla hajaondoka Mombasa. Alikuwa akikaa kwenye bweni la wauguzi. Nilimkaribisha chai Jumapili moja, kwa sababu Miss Loomis aliiona barua yenye stempu ya Kenya, akauliza ni ya nani, akasema aje.

Kuna jambo la Mombasa sina budi kuliingiza hapa. Nyumbani kwetu kulikuwa na kikombe cha bati cheupe, ukingo wa buluu, kilichowekwa peke yake dirishani jikoni. Watumishi walinywea hicho. Mwanaisha alipokuja kusoma nami kwa ajili ya mtihani, alipewa chai kwa kikombe hicho. Alikunywa, akashukuru, akaenda kukiosha mwenyewe na kukirudisha palepale dirishani, maana alikuwa ameona kilipotolewa. Niliona kwamba ameona. Tukarudi kwenye jiografia.

Kwa Miss Loomis tulikunywa sote kwa vikombe vya maua vilivyokuwa vya mama yake. Mwanaisha alileta paketi ya biskuti za tangawizi, akaketi ukingoni mwa kiti na koti lake jipya, na kwa robo saa ya kwanza aliona haya. Kisha Miss Loomis akataja ndege. Mwanaisha akaweka kikombe chini. Aliuliza ukiwa juu peke yako, huna redio, huna mtu, je, ulikuwa ukizungumza? Miss Loomis akacheka, akasema alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, yeye asiyekwenda kanisani. Aliuliza mikono inajuaje kwamba chombo kimegusa ardhi. Miss Loomis akasogeza vyombo, akachukua kisahani akakishusha juu ya kitambaa cha meza polepole, mkono wa Mwanaisha ukiwa chini ya mkono wake, mara tatu, mpaka kikatua bila kulia. Miezi minane nilikuwa nimekula kwenye meza ile. Niliwatazama wanawake wawili wameinama juu ya kisahani, na kifuani mwangu kikaingia kitu kichungu, kidogo, ambacho sikukipa jina.

Mwishoni Mwanaisha akauliza, "Na zile ndege ulizofikisha, uliwahi kujua zimeishia wapi?"

Miss Loomis alikuwa ameshika birika. Alikaa nalo mkononi bila kumimina. Akajibu kwamba hapana, ukishatia saini unageuka na kuondoka, na akamwongezea chai.

Ndipo Mwanaisha akaeleza shida yake, bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Jiko la bweni lilifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi kumeshakucha. Aliomba apewe hata birika la kuchemshia maji, akakataliwa kwa kuhofia moto. Wanafunzi waliruhusiwa kupanga nje wakipata nyumba ya heshima. Hakuomba chumba. Alisema tu kwamba anatafuta. Dari la chumba cha mbele lilikuwa limeshatengenezwa, lina chokaa mpya.

Alipoondoka, Miss Loomis aliosha vikombe, mimi nikikausha, akaniambia jibu lake ni ndiyo. Asubuhi alikuwa anasafiri kwenda kwa dada yake mgonjwa, mashambani, juma zima. Alijua kwamba Alhamisi nitaonana na Mwanaisha. Akaniomba nimpe habari.

Nilikuwa na siku nne. Sitasema kwamba nilipanga, lakini pia siwezi kusema ilinitoka kwa bahati mbaya. Nilivuka mto na kurudi, nikapiga taipu barua za watu, na kila nilipokuwa peke yangu nilimsikia Mrs Cobb akisema "wale wengine". Nilijiona nikipanda kilima na Mwanaisha, watu wakitutazama wote wawili pamoja, nami nikihesabiwa upya. Jumatano nilikwenda Wembley kula kwa binamu, nikalitaja jambo hili kama la mtu mwingine. Binamu aliniambia kwamba mtu akipewa kiti asianze kumvutia na mwenziwe, huenda wakamwinua yeye. Kila mtu mezani aliona ni busara. Nami niliona hivyo.

Alhamisi nilimkuta kwenye lango la hospitali, amevaa koti juu ya sare, anapuliza vidole.

"Amesema nini?" akaniuliza.

"Amekataa."

Alinitazama. "Amesema kwa nini?"

"Wewe wawajua wazungu, Mwanaisha. Majirani, mambo ya rangi. Nimejaribu."

Alisoma uso wangu. "Mimi nilimwona mtu mwema," akasema.

"Hata mimi."

Nikaanza kulia. Nililia kweli, machozi yenyewe, na yeye akafikiri nalia kwa ajili yake. Akanishika mkono kwa vidole vyake vya baridi. "Basi, shoga yangu," akaniambia. "Umefanya uwezalo. Mimi sigongi mlango mmoja mara mbili." Akanifutia uso kwa ncha ya skafu yake, akarudi kazini.

Miss Loomis aliporudi Jumatatu nilimwambia kwamba Mwanaisha amebadili nia, anataka kubaki karibu na wenzake. Alikuwa bado hajavua kofia. Alikuwa amepita kwa fundi wa funguo akitoka stesheni, na ufunguo mpya ulikuwa mkononi mwake, bado una vumbi la chuma. Alisema ni hasara yetu. Kisha akauliza kama labda alisema lolote la kumuudhi, kwa sababu huwa haoni anapoudhi watu. Nikamwambia hapana. Aliuweka ufunguo mezani, na wiki iliyofuata akaniuliza kama ningependa kuhamia chumba cha mbele, maana ni hasara kikae kitupu na chokaa mpya. Nikahamia. Ndiyo, nikahamia mimi. Ramadhani yote nilipika daku yangu kwenye lile jiko la gesi la kabatini, uji, na mayai, na wali wa jana niliouchangamsha kwa siagi, huku chini ya kilima Mwanaisha akifunga kwa biskuti na maji ya bomba. Hili la biskuti alinieleza mwenyewe, siku ya Idi, akicheka. Baada ya siku hiyo nilianza kuwa na kazi nyingi kila Jumapili, mpaka akaacha kuniuliza.

Jumapili moja ya Januari, Miss Loomis na mimi tulikuwa jikoni, mvua inanyesha, supu ya kunde iko motoni. Alisema bila utangulizi kwamba rafiki yangu yule alimuuliza swali, naye hakumjibu ukweli, na jambo hilo linamsumbua. Kisha akanieleza mimi. Iko ndege moja aliyojua ilikoishia. Alikuwa akiipeleka uwanja mmoja wa kaskazini, na katikati ya safari mshale wa joto la injini ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Kulikuwa na fomu ya kuandika kasoro. Lakini ilikuwa Ijumaa, alitaka kuwahi treni ya saa kumi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeahidiana naye kukutana London, na kuandika kasoro kungemlazimu kungoja mafundi. Kijana aliyekuja kuipokea ndege alimuuliza kama iko sawa. Alimwambia ni nzuri sana. Kesho yake injini ilizimika juu ya bahari. Habari alizipata wiki mbili baadaye kutoka kwa mpishi wa uwanja ule, aliyezitaja tu huku akipakua chakula. Hakuna aliyemuuliza. Pengine, alisema, mshale ule haukuhusika kabisa. Alikuwa amelisema neno hilo, "pengine", kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alinitazama. Sijui alitaka nini kutoka kwangu. Pengine alitaka tu mtu ajue. Lakini nafasi ile ilikuwa wazi mbele yangu kuliko nyingine yoyote niliyopata maishani. Mtu mzima, mzungu, mwenye nyumba, ameweka aibu yake juu ya meza ya jikoni, na kilichotakiwa ni mimi niweke ya kwangu kando yake. Hospitali ilikuwa dakika kumi kwa miguu. Mwanaisha alikuwa bado na miaka miwili na zaidi ya masomo, na Ramadhani nyingine zinakuja. Nilifungua mdomo. Nikasema kwamba halikuwa kosa lake, kwamba naye alikuwa kijana, kwamba ilikuwa vita. Nikauliza kama niongeze chumvi kwenye supu.

Akasema tafadhali, kidogo.

Niliondoka nyumba ile kabla mwaka haujaisha sawasawa, nikaolewa Wembley, nikaanza maisha ambayo watu wanaonijua wanayajua. Nilimwandikia Miss Loomis kadi mbili, akajibu zote. Ya tatu sikuandika. Sikuwahi kurudi Woolwich, ingawa tulikuwa na gari, na wanangu wamezaliwa na kukulia mji huuhuu mmoja.

Baada ya harusi nilivumilia wiki tatu. Kisha nikampigia simu Mwanaisha, nikapanda treni mbili na basi. Anaishi ghorofa ya nne, nyumba ya halmashauri, sebule ndogo yenye joto, picha za wajukuu ukutani. Alikuwa amepika mahamri na mbaazi kwa ajili yangu. Nilimwomba asimimine chai kwanza. Nilimwambia yote, kwa mpangilio niliouandika hapa, na sikulia, kwa sababu machozi yangu alishawahi kuyaona na yalikuwa ya uongo.

Nilidhani atauliza kwa nini. Hakuuliza, nadhani hilo alilijua tangu zamani za kikombe.

"Nilimuuguza," akasema.

Sikuelewa.

"Miss Loomis. Alilazwa wodini kwangu, miaka ya tisini, mapafu. Nilikuwa sista mkuu wa wodi. Nilipoona jina kwenye faili nilimjua, na yeye alinijua. Siku ya pili tu aliniita kwa jina, jina langu lote, alilishika tangu ile chai moja. Alikuwa mpweke, Zarina. Hakuna aliyekuja kumtazama. Alitaka nikae naye kidogo, kila nikipita alitaka nikae, alisema ana jambo la kuniambia. Nilimpa dawa kwa wakati, nilimgeuza, nilimsafisha, sikumkosesha haki yake hata moja. Lakini sikukaa. Nilimwambia nina wagonjwa wengine. Siku kumi na moja. Nilikuwa nikijiambia, leo waona ladha ya kufungiwa mlango." Aliondoa miwani akaishika mapajani. "Alikufa zamu yangu. Nilimfunika mimi."

Nilimwita kwa jina. Aliinua mkono ninyamaze.

"Alikubali kwa maneno gani?" akauliza. "Siku ile. Alisemaje?"

Nilimwambia. Maneno yale sijayapoteza hata moja: "Mwambie aje Jumamosi nikisharudi, aje na sufuria zake, na asubuhi asitembee kwa kunyata kwa kuniogopa mimi. Nitafurahi kusikia kuna mtu mwingine yuko macho."

"Yaseme kwa Kiingereza," Mwanaisha akasema. "Kama alivyosema yeye."

Nikayasema kwa Kiingereza. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mpaka mwisho. Kisha akaniomba niyarudie, nikayarudia, na nilipomaliza mara ya pili aliniambia, kwa upole, kwamba sasa angependa kubaki peke yake. Nikachukua koti langu. Alinisindikiza mpaka mlangoni, kama alivyofunzwa kwao, akangoja mpaka lifti ikafika.